Kugema mepo changa: shajara ya msimu mmoja Vermont

Januari 26

Leo tumepima tu, hatujatoboa kitu.

Nyuma ya nyumba tunayopanga, si mbali na Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, kuna miti mitano ya mepo. Ndiyo ile ambayo jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Kila Machi naona ndoo zikining'inia kwenye miti ya majirani, na kila Machi nasema mwakani. Safari hii nilimwandikia mwenye nyumba kumwomba ruhusa, akajibu: "Sawa, ila usiniulie miti yangu." Basi hapo ndipo penye kazi. Kuchemsha shira si jambo gumu. Kuitoa kwenye miti michanga, kisha miti ibaki na nguvu zake, hilo ndilo nataka kuliandika.

Nitasema kugema kwa sababu neno tunalo. Mgema wa kwetu Tanga anapanda mnazi na kisu kiunoni. Mgema wa huku miguu haitoki ardhini, anatoboa shina kwa keekee usawa wa kifua na kutundika ndoo. Kinachodondoka ni utomvu mwepesi, ukiutazama kwenye glasi utadhani ni maji ya kunywa. Una sukari asilimia 2 hivi. Ukiuchemsha hadi sehemu kubwa ya maji iondoke, unabaki na shira, ambayo watu wa hapa huimwaga juu ya chapati za maji asubuhi.

Kwa kuwa miti haina jani hata moja sasa hivi, ilibidi kwanza tuhakikishe kwamba kweli ni mepo. Tazama vijitawi: vya mepo hutoka viwili viwili, kimoja mkabala na mwenzake. Kisha tazama matumba kwenye ncha. Minne kati ya mitano ina matumba ya kahawia yaliyochongoka kama ncha ya penseli, yaani mepo ya sukari. Mmoja una matumba mekundu ya mviringo, huo ni mepo nyekundu. Nao hugemwa, ila kwa kawaida sukari yake ni pungufu kidogo na huchanua mapema.

Idi, mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja na ndiye karani wa mradi. Tulitumia futi ya kushonea ya mke wangu. Unazungusha kwenye shina, mita 1.4 kutoka ardhini, halafu unagawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mizingo yetu, kuanzia mkubwa: sentimita 97, 81, 66, 52 na 39. Vipenyo: 31, 26, 21, 17 na 12.

Miongozo ya wagemaji huku inatofautiana kidogo. Wale waangalifu wanasema usiguse mti wenye kipenyo chini ya sentimita 30. Wengine wanashuka hadi 25. Chini ya hapo, acha. Tundu la pili ni kwa miti minene zaidi, kuanzia sentimita 45 na kitu. Kwa hiyo katika miti yangu mitano, mmoja unapita bila ubishi, mmoja unapita kwa kubanana, mitatu imefeli.

"Mjomba," Idi akaniuliza akiwa ameukumbatia ule wa sentimita 12, "kwani huu mdogo hauna maji?"

"Unayo."

"Sasa?"

Sikuwa na jibu la kueleweka. Nilimwambia ni sheria, jibu ambalo mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto nilikuwa silikubali.

Februari 9

Jibu nimelipata kwenye kuni za watu.

Mzee jirani ameangusha mepo yake kubwa iliyokuwa inaegemea paa, akatuita tukamsaidie kubeba. Ameigema miaka mingi. Kwenye ganda la gogo moja palikuwa na kovu dogo lililofumbata kama kitovu, kiasi kwamba ningelipita tu kama asingelionyesha kwa kidole. Akaweka gogo juu ya kisiki, akalipiga shoka kwa urefu, likafunguka kama kitabu.

Tundu lenyewe lilikuwa pale, unene wa kidole, limefunikwa na tabaka jipya la mti kwa nje. Lakini kutoka kwenye tundu hilo kulikuwa na mchirizi wa kahawia iliyoiva, karibu rangi ya kahawa, uliopanda juu na kushuka chini ndani ya mti mweupe. Nilitoa futi: sentimita 28 kwenda juu, 24 kwenda chini. Upande kwa upande haukuzidi tundu kwa sana. Jeraha ambalo nje ni kitovu, ndani ni utepe wa zaidi ya nusu mita. Idi alipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno.

Aliyewafumbua watu macho kuhusu jambo hili ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, ambaye alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone madonda yake kwa ndani. Alichoeleza ni kwamba mti hauponi kama ngozi inavyopona. Hauoteshi nyama mpya mahali palipoumia. Unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia, unaitenga humo, kisha unaendelea kukua kwa nje. Kuta za pembeni ni imara. Za juu na chini ni dhaifu zaidi, ndiyo maana doa linakuwa refu na jembamba. Sehemu iliyotengwa haipitishi maji tena maisha yake yote. Ukitoboa humo mwaka mwingine hupati kitu, na unaweza kuvunja ukuta ambao mti ulijitaabisha kuujenga.

Tukakaa kwenye kuni tukapiga hesabu. Tundu linaingia sentimita 4. Pete za mwaka kwenye gogo la mzee zilikuwa na unene wa milimita 2 hivi kila moja. Kwa mwendo huo, ili mti uweke sentimita 4 za mti mpya juu ya tundu la zamani, unahitaji miaka 20. Mti unaokua nusu ya hapo, uliobanwa kivulini, unahitaji 40. Wakati huohuo mgema anarudi kila mwaka na keekee yake.

Sasa chukua ule wa Idi. Kipenyo sentimita 12, maana yake kutoka ganda hadi katikati ni 6. Sentimita 4 ni theluthi mbili ya safari yote. Misimu mitatu minne, ukizunguka shina, umeujaza michirizi iliyokufa hadi haujui upitishie wapi maji ya majani yake.

"Maji unayo," nikamwambia Idi. "Nafasi ndiyo hauna."

Hilo ndilo nililokuwa silielewi. Nilifikiri hatari ni kuunyonya mti utomvu ukauke. Kumbe tundu moja linalodondosha lenyewe huchukua sehemu ndogo tu ya sukari ya mti mwenye afya. Gharama kubwa ni sehemu hai ya mti unayoiua kila unapotoboa, na mti mchanga hauna ya kugawa.

Februari 15

Vifaa. Mirija miwili ya plastiki ya milimita 8. Ile ya zamani ilikuwa ya milimita 11, na ukilinganisha eneo la tundu, ya 8 ni kama nusu yake. Utomvu unaoupoteza ni mdogo kuliko kidonda unachokiepusha. Ndoo mbili za plastiki za chakula zenye vifuniko, biti mpya ya keekee, kitambaa cha kuchujia.

Mzee jirani alitaka kunipa ndoo zake za bati, nzuri kweli kwa kupiga picha. Nilishukuru nikakataa. Nyingi za zamani ziliungwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na utomvu unakaa humo saa nzima nzima.

Pia aliniambia zamani watu waliweka kidonge ndani ya tundu ili lisizibe mapema. Kilikuwa na kemikali ya kuua vijidudu. Tundu lilibaki wazi, sawa, lakini mti nao ulishindwa kujitetea na uozo ukaenea mbali zaidi. Kimepigwa marufuku Marekani na Kanada. Hapo mtu aliongeza lita chache akapunguza miaka ya mti.

Machi 4

Jumanne ya kwanza ya Machi ndiyo siku ya mikutano ya miji hapa Vermont, wananchi wanakusanyika kupigia kura bajeti za mji wao, na mazoea ya wazee yanasema ndiyo siku ya kutoboa. Baridi imekuwa ikilegea mapema, na wengi siku hizi huanza Februari. Mimi nilishika mazoea.

Mti wa kwanza, ule wa 31, ulikwenda kama tulivyopanga. Tulichagua mahali juu ya mzizi mnene, ganda zima, hakuna kovu karibu. Nilifunga utepe kwenye biti kuonyesha sentimita 4, keekee ikainuliwa kidogo kwa mbele ili tundu literemke kuja nje na lisituamishe maji. Idi alikinga kiganja chini. Unga uliotoka ulikuwa mweupe wa maziwa, dalili kwamba uko kwenye sehemu hai ya mti. Ukiona wa kahawia umegonga doa. Mrija, nyundo, pigo mbili tatu za taratibu hadi mlio ubadilike kutoka kengele kuwa mbao. Hapo unaacha.

Mti wa pili nimeuharibu.

Ilikuwa bado saa moja asubuhi, nyuzi 6 chini ya sifuri, na mimi nina haraka ya kuwahi kazini. Mti ulioganda ni mgumu na haupanuki. Nilisikia mlio umebadilika, nikaongeza pigo moja la uhakika. Hilo pigo la uhakika lilifungua ufa, kutoka kwenye mrija kwenda juu, kama sentimita 6, mwembamba kama unywele. Idi aliuona kabla yangu.

Ningesubiri hadi saa tano, jua lishike, hali ingekuwa nyingine. Nilifikiria kung'oa mrija nitoboe upya upande wa pili, kisha nikakumbuka lile gogo. Makosa yangu yasingefutwa na tundu la pili, yangekuwa mawili. Nimeuacha ulivyo.

Machi 7

Hakuna. Mchana ulikuwa nyuzi 2 chini, usiku 11 chini. Utomvu hautoki kwa baridi tupu wala kwa joto tupu, unataka kupishana: usiku ugande, mchana uyeyuke. Usiku maji yanapoganda ndani ya matawi, mti unavuta mengine kutoka kwenye mizizi, na hewa iliyo ndani ya mti inabanwa. Mchana barafu ikiyeyuka, ile hewa iliyobanwa inasukuma, na penye tundu ndipo pa kutokea.

Machi 11

Usiku nyuzi 5 chini, mchana 7 juu, jua kali. Nilirudi kutoka kazini nikasikia kabla ya kuona: ti, ti, ti kwenye plastiki. Mti mkubwa ulikuwa unadondosha matone mawili kwa sekunde. Lita 5.5 kwa siku moja. Wa pili lita 3, na ukingoni mwa ufa kumelowa hadi chini; sehemu ya mali inateremkia gandani. Kindi mmoja ameshagundua, analamba.

Tumeonja. Utamu upo kwa mbali, kama glasi iliyosuuzwa vibaya baada ya soda.

Machi 16

Mvua usiku kucha. Kifuniko cha ndoo ya pili kilipeperushwa, na asubuhi ndoo ilikuwa imejaa hadi pomoni. Idi alishangilia. Huku mgema hajasifiwa hata na mtu mmoja na tembo limeshatiwa maji. Nimemwaga yote, kuchemsha maji ya mvua ni kuchoma kuni bure.

Utomvu mwingine tunauweka kwenye pipa tulilolifukia kwenye theluji upande wa kivuli. Huharibika kama maziwa. Ukiupasha joto la juani siku mbili unakuwa na ukungu na harufu.

Machi 22

Siku nzima ya kuchemsha, nje. Niliambiwa nisithubutu ndani ya jiko la nyumbani na sasa naelewa: mvuke wa lita thelathini na kitu za maji ungekaa kwenye kuta za mtu.

Kipimo cha sukari, nilichoazima kwa mzee jirani, kilisoma 2.2. Kuna kanuni ya wagemaji: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari, unapata lita ngapi za utomvu zinatoa lita moja ya shira. Kwa 2.2 ni 39. Tulikuwa na lita 36, kwa hiyo tutarajie pungufu kidogo ya lita moja.

Tuliwasha saa mbili asubuhi juu ya matofali, sinia pana la chuma cha pua, kwa sababu upana ndio unaoharakisha mvuke. Hadi saa nane ilikuwa bado maji tu, yenye rangi ya chai ya mgonjwa. Saa kumi ikaanza kunukia. Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio na ndipo watu wanapounguza. Tulihamishia kwenye sufuria ndogo, kipimajoto ndani. Shira imeiva inapochemka kwa nyuzi 4 juu ya kiwango ambacho maji yanachemkia siku hiyo. Pima maji kwanza, maana hubadilika na mgandamizo wa hewa. Yetu yalichemka kwa 99.5, kwa hiyo tuliepua kwa 103.5. Ukichuja ingali moto, kitambaani unabaki mchanga laini wa kijivu, madini ya mti wenyewe. Hauna madhara ila unasaga meno.

Mililita 800. Rangi ya asali mbichi. Nyingine, mililita 90 hivi, imegandia kwenye sinia na Idi ameishughulikia kwa kijiko.

Aprili 6

Tumefunga. Usiku haugandi tena, matumba yamevimba, na utomvu wa jana ulikuwa na harufu ya majani mabichi. Shira yake ingekuwa na ladha mbaya. Jumla ya msimu: mti mkubwa lita 34, wa pili lita 19 ukiacha zile za mvua. Mchemsho wa pili ulitoa mililita 350.

Nimeng'oa mirija siku hiyohiyo. Kila siku mrija unayokaa humo baada ya msimu inachelewesha mti kufumba. Mzee jirani alikuwa ameshachonga kijiti cha kuziba, akanishikisha mkononi. Nilimuuliza, kwa heshima, kama ule mti wake ulizibwa. Akafikiri kidogo, akasema hapana, ulijifunga wenyewe. Kijiti nimekiweka kwenye mfuko wa koti.

Idi aliuliza habari aliyoisikia shuleni: kwamba watafiti wa chuo kikuu cha Vermont wanagema miti midogo kuliko huu wake. Ni kweli. Kituo chao cha utafiti wa mepo kiko Underhill, na mwaka 2013 walieleza njia ya kukata kilele cha mti mchanga, kuuvika kofia iliyofungwa, na kuvuta utomvu kwa pampu. Lakini huo ni mti uliopandwa shambani kama zao, unakatwa kila msimu kwa makusudi. Wa kwetu unatakiwa uweke kivuli juu ya dirisha la jikoni. Akasema, "Kwa hiyo wao wanaruhusiwa kukata." Nikasema yao ni yao.

Juni 29

Majani yamejaa miti yote mitano. Tundu la mti mkubwa limeanza kukunja midomo, ukingo mpya wa kijani kibichi pande zote. La mti wa pili pia, upande wa chini. Juu kwenye ufa ganda limeachana na mti upana wa kucha. Sijapaka kitu. Rangi na lami za vidonda hazisaidii, zinafunika tu macho ya mwenye kosa.

Oktoba 12

Majani yamekuwa mekundu na manjano, na leo tumerudi na futi ileile. Mti mkubwa: 98.5 kutoka 97. Tundu lake limebakiza nafasi ambayo haipitishi ncha ya kidole cha Idi. Ule wa 66 umefika 67.5. Mdogo kabisa, 39, umefika 41. Hakuna unaokua kama yeye, hakuna aliyemsumbua.

Mti wa pili: 81.5 kutoka 81. Nusu sentimita. Huenda ni kivuli cha mkubwa, huenda ni ufa, lakini tundu bado liko wazi na sitautoboa mwaka ujao. Kwenye mkubwa tumepiga alama ya chaki mahali papya, sentimita 15 juu ya tundu la mwaka huu na 10 kuelekea kulia.

Idi ameuliza mti mmoja utatoa shira kiasi gani. Nimemwambia chupa moja, na nusu yake ni ya mwenye nyumba.